Kigae cha Chupa na Waya wa Shaba

Kioo hakitobolewi kirahisi. Ncha ya drili inayopenya mbao na chuma huteleza juu yake au hukipasua. Hutakiwa ncha yenye chembe za almasi, maji ya kupoza yasiyokatika na mkono usio na haraka, na hata hivyo vipande kadhaa huvunjika pale tundu linapokaribia kutokea upande wa pili. Ndiyo maana mapambo mengi ya kioo yanayotengenezwa nyumbani hufuata njia nyingine: kioo huachwa kizima, kikazungushiwa waya. Waya hupindwa kufuata ukingo wa kipande, hufungwa kwa waya mwembamba zaidi, hukikumbatia kioo mbele na nyuma, kisha ncha zake hugeuzwa kuwa kitanzi cha kupitishia mkufu. Kazi nzima hufanyika bila gundi wala kulehemu. Kinachokishika kioo ni umbo la waya peke yake, na ugumu wa ufundi huu uko hapo: kukibana kitu kinachovunjika upesi kiasi cha kutochomoka, lakini si kiasi cha kupasuka.

Pwani ya Afrika Mashariki, wazo la kukipa hadhi kigae kilichookotwa lina wenyewe. Masonara wa Lamu wanajulikana kwa pete na vidani vya fedha vilivyopachikwa vigae vya vyombo vya Kichina, mabaki ya sahani na bakuli zilizofika na majahazi karne nyingi zilizopita. Sonara hukizungushia kigae ukuta mwembamba wa fedha, akaulehemu kwenye bamba la chini, kisha akaukunja mdomo wa ukuta juu ya ukingo wa kigae. Waya hufanya kazi ileile ya ukuta huo, ila hauhitaji moto wala miaka ya kukaa chini ya mwalimu. Mtu mwenye meza, taa nzuri na plaizi tatu anaweza kuanza.

Wapo wanaolimaliza tatizo la tundu ndani ya moto wenyewe. Wakrobo wa Ghana husaga chupa zikawa unga, wakaumimina unga huo katika kalibu za udongo na kusimamisha katikati yake kikonyo cha jani la muhogo. Kalibu ikiingia tanurini kikonyo huungua, na ushanga hutoka ukiwa na tundu lake. Kitengela, kusini ya Nairobi, na katika karakana ya Shanga jijini Arusha, kioo chakavu huyeyushwa katika matanuri yanayopita nyuzi 1,000 za Selsiasi, kikapulizwa kuwa bilauri au kuzungushwa kuwa shanga. Nyumbani njia hiyo haiwezekani, na kikwazo kikubwa si joto. Kioo cha kawaida huanza kulegea kikipita kidogo nyuzi 700, na mkaa ukipulizwa sana unaweza kufika hapo. Shida iko kwenye kupoza. Kioo kilichoyeyushwa lazima kishushwe joto polepole kwa saa nyingi. Kikipoa ghafla, nje huganda kabla ya ndani, mkazo hubaki umefungiwa humo, na kipande kinaweza kupasuka kesho yake kikiwa kimekaa tu mezani. Kwa hiyo anayefanyia kazi nyumbani huanza na kioo ambacho kiwanda kimekwisha kukiyeyusha na kukipoza inavyotakiwa, na chupa ndiyo hazina ya kwanza.

Kioo cha chupa ni mchanga wa silika ulioyeyushwa pamoja na chokaa na magadi, magadi ya jamii ileile inayovunwa katika Ziwa Magadi nchini Kenya na kuuzwa kwa viwanda vya kioo. Mchanga peke yake ungehitaji joto kali mno, nayo magadi hukishusha kiwango hicho. Chokaa huzuia kioo kisiyeyuke majini. Rangi hutokana na madini machache yaliyomo, mengine yakiwa kidogo sana. Chuma hutoa ukijani hafifu unaoonekana mtu akichungulia kioo cha dirisha kwa ubavuni. Kromu hutoa kijani kilichokolea cha chupa za mvinyo. Kahawia ya chupa za bia hutoka kwa chuma kikichanganyika na salfa, na buluu nzito hutoka kwa kobalti, ambayo chembe zake chache tu hutosha kupaka rangi chungu kizima. Kwa wengi buluu hiyo ndiyo tunu: chupa zake ni haba, na karibu na wekundu wa shaba huwaka kuliko rangi nyingine zote. Kahawia ndiyo inayopatikana kila pahali, lakini inataka uangalifu, kwa kuwa kikiwekwa kwenye waya uliofifia kipande hupotea kabisa. Chupa za bia na soda zinazorudishwa kiwandani ni mali ya mfumo wa kreti, hivyo haifai kuzivunja. Za kutumia ni zile ambazo tayari zimevunjika.

Si kila kioo kinafaa. Kioo cha mbele cha gari kina utando wa plastiki katikati na hakiachani vizuri. Cha pembeni kimetiwa mkazo kiwandani kwa makusudi, nacho kikigongwa humwagika vipande vidogo kama punje. Punje hizo huweza kufungwa waya zilivyo, ila nyingi huwa na nyufa za ndani zinazongoja kubanwa tu. Taa za mrija zina zebaki, na vioo vya televisheni za zamani zenye kichogo vina risasi. Vyote viwili visiguswe. Bilauri na bakuli za kristali nazo nyingi zina risasi, hivyo si za kusagwa wala kusuguliwa nyumbani.

Kipande kizuri kuliko vyote hakinunuliwi. Chupa iliyovunjika baharini huviringishwa na mawimbi juu ya mchanga miaka na miaka. Punje za mchanga wa kwazi ni ngumu kuliko kioo: katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwazi ina 7, kioo kiko karibu na 5.5. Basi mchanga hukikwaruza kioo, makali yakaisha, uso ukapata utusitusi kama wa barafu. Maji ya chumvi nayo hutoa magadi kidogo kidogo kutoka kwenye ngozi ya kioo na kuongeza ule ukungu. Miongo ya miaka hupita kabla kigae hakijakamilika, na kile ambacho bado kinang'aa upande mmoja au kina ukingo unaokata kimetoka majini mapema. Vigae hivi hupatikana katika fukwe zilizo karibu na miji ya zamani na bandari, hasa maji yakiwa yamekupwa, kwenye mstari wa changarawe na vipande vya kombe. Ndani ya hifadhi za bahari, hata hivyo, haifai kuokota kitu bila ruhusa.

Anayekaa mbali na bahari huifanya kazi ya mawimbi kwa mkono. Kipande huvunjwa kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa kizito, mvunjaji amevaa miwani ya kinga na glavu. Kisha ukingo husuguliwa kwa msasa wa maji au tupa ndogo ya almasi, kuanzia msasa wa namba 120, kufuata 220, na kumalizia kwa 400. Hatua ya kwanza ndiyo ndefu, na anayeikata njiani hujuta, maana msasa mwembamba hauwezi kuondoa mikwaruzo mikubwa iliyoachwa na mnene. Sharti la kusugua kioo ni moja na halina msamaha: kisuguliwe kikiwa majini, au angalau kikiwa kimelowa muda wote. Vumbi la kioo likiruka huumiza macho na mapafu, nalo maji hulishika kabla halijaruka. Tope linalobaki kwenye beseni haliendi kwenye sinki. Huachwa litulie, maji ya juu yakamwagwa, tope likafungwa ndani ya gazeti na kutupwa pamoja na vigae vilivyobaki. Ukingo huwa tayari pale unapopita juu ya ngozi laini ya ndani ya kifundo cha mkono bila kukwaruza. Ncha za vidole si hakimu mzuri wa jambo hili, kwani zimeota sugu.

Baada ya kioo huja waya, na hapo ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Waya kama pambo ni jambo la kale mno. Katika makaburi ya kifalme ya Uru, kusini mwa Iraki ya leo, yaliyofukuliwa na Leonard Woolley kati ya 1922 na 1934, yalitoka mapambo yenye waya wa dhahabu uliosokotwa miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Kiswahili chenyewe kina neno udodi, waya mwembamba wa kuvalia mikononi na miguuni. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda bara ilibeba vitu vitatu kama fedha: nguo, ushanga na waya wa shaba. Henry Morton Stanley, aliyenunua mizigo yake Unguja mwaka 1871, aliandika kwamba ushanga ulichukua nafasi ya sarafu za shaba, nguo nafasi ya fedha, na waya, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ulihesabiwa kama dhahabu. Katika biashara ile waya uliotakiwa ulikuwa mnene, namba 5 na 6, karibu sawa na waya wa telegrafu, kwa kuwa mhunzi aliyeupokea alijua kuuvuta na kuupunguza mwenyewe. Fundi wa leo hana haja ya kuuvuta. Kwake swali ni la unene upi ununuliwe.

Unene huamua kila kitu, kwa sababu ukakamavu wa waya hauongezeki sawa kwa sawa na unene wake. Waya wenye unene mara mbili ya mwingine una ukakamavu mara 16. Hata tofauti ndogo huhisika mkononi: waya wa milimita 1 una ukakamavu karibu mara mbili na nusu ya ule wa milimita 0.8. Kwa sababu hiyo kazi hugawanywa. Fremu inayobeba kioo hutengenezwa kwa waya wa kama milimita 0.8, ambao unapindika kwa mkono lakini haunyooki wenyewe ukivutwa na mkufu. Kufungia nyaya za fremu pamoja hutumika waya wa 0.4 au 0.3, ambao nguvu yake haiko katika ukakamavu, bali katika wingi wa mizunguko. Anayejaribu kufanya yote kwa waya mmoja wa unene wa kati hupata fremu inayolegea na mafundo yaliyovimba.

Madukani unene mara nyingi huandikwa kwa namba za geji, nazo huenda kinyume: namba ikikua, waya hupungua. Kwa geji ya Kimarekani namba 18 ni milimita 1.02, namba 20 ni 0.81, namba 22 ni 0.64, namba 24 ni 0.51 na namba 26 ni 0.40. Geji ya Kiingereza haifanani na hiyo. Namba 20 ya Kiingereza ni milimita 0.91. Mnunuzi asiyejua anapewa geji ipi aulize milimita, au azungushe waya mara kumi kwenye kalamu, mizunguko ikiwa imegusana, apime urefu wa mizunguko hiyo kwa rula na kugawanya kwa kumi.

Mahali pa kuupata waya ni pengi kuliko inavyodhaniwa. Mafundi wa kusuka mota hutumia waya wa shaba nyekundu wa kila unene. Umepakwa vanishi ya rangi ya kahawia inayong'aa, na vanishi hiyo huizuia shaba isifanye kutu, jambo zuri kwa kidani. Kebo ya kutandazia umeme nyumbani, ile yenye waya mmoja mzima ndani, ikiwa ya milimita mraba 1.5 ina waya wa unene wa milimita 1.4 hivi, na ya 2.5 ina wa karibu 1.8. Unene huo ni wa bangili zaidi kuliko wa kidani. Kebo ya intaneti ina nyaya nane za milimita 0.5 hivi, ila ni lazima zikwanguliwe kwa kisu kwanza. Nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba juu. Rangi nyeupe ikionekana chini ya kwanguo, kebo hiyo iachwe, maana waya wake utakatika mara ya pili au ya tatu kupindwa. Ganda la plastiki huchunwa kwa kisu. Kulichoma ni kosa kubwa, kwani moshi wake una sumu. Na waya ununuliwe kwa mtu anayetoa risiti. Wizi wa nyaya za umeme na simu umekuwa mkubwa kiasi kwamba Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa miezi kadhaa biashara yote ya vyuma chakavu, na pambo lililoanzia kwenye transfoma iliyovunjwa limeacha mtaa mzima gizani.

Shaba ina tabia moja ambayo fundi huishi nayo kila siku: kila inapopindwa huwa ngumu zaidi. Hilo ni msaada, kwa maana fremu iliyokamilika hushika umbo lake kuliko waya ulivyokuwa kwenye bunda. Ni hasara pia, maana mahali pamoja pakipindwa na kunyooshwa mara kadhaa waya huvunjika bila onyo. Waya uliokuwa mgumu hulainishwa kwa moto: hushikwa kwa plaizi juu ya jiko la gesi hadi uwe mwekundu hafifu unaoonekana kivulini, kisha hutumbukizwa majini. Shaba, tofauti na chuma cha pua cha visu, haiwi ngumu ikipozwa ghafla, bali hubaki laini. Weusi unaoachwa na moto hutoka kwa ndimu na chumvi. Waya wenye vanishi hauchomwi hivyo, na kulainisha kokote hufanywa kabla kioo hakijaingia, kwa sababu kioo kikiguswa na mwali hupasuka.

Vifaa ni vichache. Plaizi ya mdomo wa mviringo hupinda vitanzi, ya mdomo bapa usio na meno hushika bila kuacha alama, na ya kukatia hukata. Tupa ndogo husawazisha ncha. Kalamu na misumari ya unene tofauti hutumika kuzungushia waya. Midomo ya plaizi ikizungushiwa plasta ya kubandikia kidonda haitachubua shaba.

Namna ya kufunga huonekana vizuri kwa mfano wa kipande kimoja: kigae chenye umbo la yai, urefu sentimita 3, upana 2, unene milimita 3. Mzunguko wa ukingo wake, ukipimwa kwa uzi, ni karibu sentimita 8. Idadi ya nyaya za fremu hufuata unene wa kioo. Nyaya nne za milimita 0.8 zikilazwa ubavu kwa ubavu zina upana wa milimita 3.2, zaidi kidogo ya kioo, na hiyo ziada ndogo ndiyo itakayowezesha waya wa mbele na wa nyuma kuvuka ukingo na kukishika kioo. Kila waya hukatwa sentimita 25: nane za kuzunguka, zilizobaki za kitanzi na mapambo ya shingoni. Nyaya hunyooshwa kwa kuvutwa mara mbili tatu ndani ya kitambaa kilichobanwa kwa vidole, kisha hupangwa sambamba na kushikwa kwa vipande vya utepe wa gundi kwenye ncha zote mbili ili zisipandane.

Fundo la kwanza hufungwa katikati kabisa. Waya wa milimita 0.4 huzungushwa kwenye nyaya zote nne mara sita, kila mzunguko ukigusa uliotangulia, na ncha zake mbili hukatwa upande wa ndani, ule utakaogeukia kioo, kisha hubanwa bapa. Upande wa nje fundo lionekane kama pete ndogo iliyonyooka. Mafundo mengine mawili hufungwa kulia na kushoto, kila moja sentimita 2 kutoka la katikati. Hapa ndipo subira inapohitajika, kwa sababu fundo lililolegea halikazwi tena likishapita. Hukatwa, likaanzwa upya.

Kisha utepe huo wa nyaya hukunjwa kuzunguka kigae, fundo la katikati likiwa chini. Unaozunguka ni waya. Kioo hutulia mkononi. Pembe ikihitajika, waya huondolewa kwenye kioo, hupindwa kwa plaizi hewani, hurudishwa na kupimwa, kwani chuma kikisukumwa dhidi ya kioo kwa nguvu ya plaizi, kinachokubali kushindwa ni kioo. Ncha nane zinapokutana juu hufungwa pamoja kwa fundo la shingo, lenye mizunguko mingi kuliko mengine, na kigae hutolewa na kurudishwa mara mbili tatu kuhakikisha kwamba pete ya nyaya ni ya kiasi chake.

Kioo kikiwa ndani, waya wa pembeni upande wa mbele hushikwa kwa ncha ya plaizi katikati ya mafundo mawili na kuvutwa taratibu ndani ya uso wa kioo, ukafanya upinde mdogo unaoingia milimita moja au mbili juu ya kigae. Vivyo hivyo katika nafasi nyingine, halafu upande wa nyuma. Pinde nne mbele na nne nyuma hutosha kwa kipande cha ukubwa huu. Uzuri wa kidani hukaa katika pinde hizi: zikiwa fupi, kioo huponyoka, na zikiwa ndefu huficha mwanga ambao ndio sababu ya kutumia kioo. Kipimo cha mwisho ni sikio. Kidani hutikiswa karibu na sikio, na mlio wowote maana yake kuna upinde usiogusa.

Juu ya shingo zimebaki ncha nane. Mbili za nyuma, zilizo katikati, huinuliwa pamoja, huzungushwa kwenye kalamu na kurudishwa chini nyuma ya shingo, zikafungwa kwa waya mwembamba. Hicho ndicho kitanzi. Sita zilizobaki ni uhuru wa fundi. Wengine huzikata zote isipokuwa mbili, wakazikunja kuwa konokono mbili ndogo mbele ya shingo. Wengine huushusha mmoja uvuke uso wa kigae kama mkondo wa maji na kuufunga chini. Kazi yenye konokono nyingi huonyesha bidii, lakini mara nyingi kioo hakionekani tena, na kidani kilichoachiwa kioo chake nafasi ndicho kinachovaliwa muda mrefu. Kila ncha iliyokatwa hulainishwa kwa tupa na kugeuzwa ndani, maana ncha moja iliyosahauliwa hukwangua shingo na kuvuta nyuzi za nguo siku nzima.

Kwa mwanafunzi wa siku ya kwanza iko njia fupi zaidi, inayotaka gololi badala ya kigae. Waya wa milimita 1 wenye urefu wa sentimita 45 hivi hukunjwa kutoka ncha zake mbili kuwa konokono mbili bapa zinazoelekea pande tofauti na kukutana katikati. Mahali zinapokutana hupindwa ili konokono moja iangalie nyingine, kisha kila moja husukumwa katikati yake kwa ncha ya kalamu hadi ijitokeze kama bakuli. Gololi huingizwa kati yake, na kizimba hicho cha nyaya hufungika kwa vidole. Ushanga wenye tundu lake ni rahisi zaidi bado: waya wa 0.6 hupitishwa, hupindwa kitanzi juu, na mkia wake huzungushwa chini ya kitanzi mara tatu. Hereni nyingi si zaidi ya hapo. Ndoano inayoingia sikioni, hata hivyo, isiwe ya shaba tupu wala ya chuma cha bei rahisi kisichojulikana, kwa sababu nikeli iliyomo katika aloi nyingi huwasha ngozi za watu wengi. Fedha halisi ya asilimia 92.5 au chuma cha pua kilichotengenezwa kwa ajili ya masikio ni salama zaidi kwa walio wengi.

Shaba ikikutana na jasho huacha alama ya kijani kwenye ngozi. Ni chumvi za shaba, hazidhuru, na hutoka kwa sabuni. Anayezichukia hupaka nyuma ya kidani nta ya nyuki au rangi ya kucha isiyo na rangi, akarudia kila inapochakaa. Wekundu wa shaba mpya hauishi. Baada ya majuma machache hugeuka kahawia. Anayetaka kuurudisha hutumia kile ambacho pwani hutumika kusafishia mabuli na sinia za shaba, yaani ukwaju au ndimu na chumvi, akasuuza vizuri na kukausha. Kwa anayependa weusi wa kale, yai lililochemshwa na kukatwa vipande hufungiwa ndani ya kopo pamoja na kidani kisichopakwa kitu. Salfa inayotoka kwenye yai huisawijisha shaba kwa saa chache bila kukigusa kioo. Kisha sehemu zilizoinuka hufutwa kwa kitambaa chenye majivu laini, zikang'aa, na mabonde yakabaki meusi, na kila mzunguko wa udodi ukaonekana peke yake.

Anayetaka kuuza humwia rahisi kukosea bei, kwa sababu hupima vitu vinavyoonekana. Mita moja ya waya wa shaba wa 0.8 ina uzito wa gramu 4.5 hivi, na ya 0.4 gramu 1.1. Kidani cha mfano kimekula mita moja ya waya mnene na kama nusu mita ya mwembamba, karibu gramu 5 tu. Kilo moja ya shaba ingetoa vidani vinavyokaribia 200. Kioo kimeokotwa. Kwa hesabu hiyo kidani ni cha bure, na wengi huuza kana kwamba ni cha bure. Gharama ya kweli ni saa: za kusugua ukingo, za kufunga mafundo matano, za kile kipande kilichopasuka dakika ya mwisho na kufanya kazi yake yote ianze upya. Fundi anayeandika saa zake kwa kila kipande, kwa vipande kumi vya mwanzo, hujua bei yake kuliko anayeangalia meza ya jirani.

Kidani kilichouzwa hurudi mara kwa mara kwa sababu moja, nayo ni kulegea. Waya hunyooka kidogo kidogo kwa kuvaliwa, na kioo huanza kucheza. Hakifunguliwi. Ncha ya plaizi ya mdomo bapa hushika upinde wa nyuma uliolegea na kuuzungusha robo ya mzunguko, waya ukapata kikunjo kidogo kama herufi Z, na kikunjo hicho huufupisha kwa nusu milimita au milimita moja. Kikirudiwa katika upinde wa upande wa pili, kioo hutulia mahali pake.